Shikamoo Kutoka Kwenye Machela

Kilichonikosesha usingizi kilikuwa namba: thelathini na mbili. Nakiri mapema, tena kwa aibu, kwamba kwa sababu ya namba hiyo nilibebwa kama marehemu kutoka kijijini kwetu milimani, huko juu ya Kwai, hadi barabarani, mchana kweupe, nikiwa mzima kabisa isipokuwa mguu mmoja, na mpaka leo kuna watu wakiniona sokoni wananiuliza nilifufuka lini.

Kwetu gari halifiki. Mgonjwa aliyezidiwa hushushwa kwa machela: miti miwili, blanketi, watu wanne wa kubeba na wanne wa kuwapokea. Mwenyekiti wa kijiji alitaka kikosi cha kudumu, majina manane ubaoni, ili mtu akiugua watu wasianze kutafutana, na kwa kuwa nilikuwa nimerudi nyumbani na shahada ya afya ya jamii (na bila ajira, ila hilo kwa wema wake hakulitaja), kazi ya kuchagua akanipa mimi.

Mtu mwingine angeuliza ni nani hubeba siku zote, basi, imekwisha. Mimi nikawaza. Nikawaza nikichagua ndugu nitaambiwa nina upendeleo, nikawaza mbebaji akianguka na mgonjwa lawama zote ni zangu, mwishowe nikaona namba ndiyo salama, maana namba haina shangazi. Nikaazima mzani zahanati, nikawapima wote waliojitokeza, uzito nikaugawa kwa urefu mara urefu, ile BMI tuliyofundishwa chuoni. Nesi aliyeniazima mzani alinitazama kidogo, akasema, "Hiyo hunisaidia kujua nani nimwangalie presha na sukari. Nguvu za miguu ya mtu haikuambii." Nikaitikia vizuri sana, nikaondoka, nikasahau.

Mama Ngoda akatoka na thelathini na mbili. Huyu ni mama ambaye alfajiri hukamua ng'ombe watatu, halafu anapanda mlima na ndoo ya maziwa kichwani hadi kituo cha kukusanyia, huku akiongea njia nzima, na miaka yote ndiye aliyeshika machela mbele, upande wa kulia. Siku mbili nikawa najigeuza kitandani: nimweke au nimwache? Jedwali la BMI lilisema mnene kupita kiasi. Mimi jedwali hilohilo lilinipa ishirini na moja na nukta, namba ya kutia kwenye fremu. Nikamtoa yeye, nikajiweka mimi.

Aliisoma orodha ubaoni Jumapili, watu wakitoka ibadani. Hakupandisha sauti.

"Yona mwanangu, nimekosa nini?"

"Hujakosa, mama. Ni kipimo tu. Uzito umezidi kimo."

"Mama yako nilimshusha mlima huu kwa mikono hii, wewe ukiwa tumboni. Siku hiyo kipimo kilikuwa wapi?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, na nilipoona anavyoiangalia sehemu ambayo jina lake halikuwepo, nilipaswa kuibandua ile karatasi palepale. Badala yake nikakagua kamba za viatu vyangu.

Mazoezi yakawa Jumamosi. Tulifunga gunia la viazi kwenye machela, lenye uzito wa mtu, nikashika mbele kulia nikiwa na raba mpya nyeupe (wenzangu walivaa mabuti ya mvua, nikawaonea huruma). Mama Ngoda akaja nyuma yetu bila kuitwa. "Natembea tu," alisema. Kulikuwa na ukungu na manyunyu, udongo mwekundu umelainika kama sabuni. Baada ya kona ya pili nilikuwa nahema kwa mdomo. Ningeomba kupokewa, lakini niliwaza: aliyeandika orodha anaomba kupokewa kona ya pili? Kona ya tatu raba zikatangulia, mimi nikafuata, gunia likapasuka na viazi vikaingia shamba la kabichi la watu. Kifundo cha mguu kikavimba palepale kama andazi.

Mama Ngoda akanitazama, akaitazama machela. "Machela ipo, mgonjwa tumempata. Mlazeni."

Akashika mbele kulia, hakuna aliyemuuliza namba. Manyunyu yalipozidi, kwa huruma yake, akanifunika kitenge chake. Mpaka kichwani.

Kwetu hupishani na machela hivihivi. Unaweka jembe chini, unashika hatua kadhaa, unauliza. Wa kwanza alikuwa mzee mmoja, nikamsikia akija, akashika mbele kushoto, akasema kwa sauti ya chini, "Poleni sana. Ni nani ametutoka?"

Nikawaza. Nikinyamaza, nimempita mzee bila kumwamkia, na mama yangu atasikia kabla ya jioni. Nikimwamkia, je? Malezi yakashinda.

"Shikamoo, babu."

Mzee akatoa ukelele wa Kishambaa ambao siuandiki hapa, akaachia mti, akaruka mtaroni. Machela ikainama upande, kitenge kikateleza usoni, nikaliona bonde lote la kabichi chini yangu, nikajua naenda. Sikwenda. Mama Ngoda alikuwa ameidaka ncha ya kushoto kwa mkono wa pili, amesimama katikati ya miti miwili, miguu imezama kwenye tope, na machela haikushuka hata kidogo.

"Mzee," alisema, wala hahemi, "itikia basi, kijana amekuamkia."

"Marahaba," ilitoka mtaroni.

Tangu hapo kila aliyetupokea aliuliza naumwa nini, naye alijibu vilevile: "Kifundo cha mguu. Ila namba zake nzuri!" Katikati alisimulia jinsi ndama wake alivyozaliwa kinyumenyume, mwanzo hadi mwisho, wakati wale niliowachagua kwa jedwali walishindwa hata kusema "ehe" kwa kuhema. Nikiwa chali, natazama ule mgongo mpana ukishuka bila kutikisika, nikaelewa kwamba nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa kile kilichonibeba.

Jumapili iliyofuata nilikwenda ubaoni na fimbo. Watu walewale, saa ileile. Nikamwomba Mama Ngoda radhi kwa sauti, nikabandua karatasi. (Alinisamehe, na kesho yake akaenda mwenyewe kwa nesi kupimwa presha, akisema hiyo ndiyo kazi halali ya namba yangu.) Kipimo kipya tulikifanya mlimani: gunia moja, kona tatu, na mbebaji aongee njia nzima. Majina manane yakapatikana, la kwanza likiwa lake.

Langu nimeliandika chini kabisa, kwa mkono wangu: "Kubeba viatu vya mgonjwa: Yona."