Unene wa Syauswa

“Munifunge tu. Nitatoka munene kupita ule mwenye kushika ufunguo.”

Syauswa aliyasema hayo pale rond-point ya Beni, barabara zinapokutana, amesimama juu ya kreti ya bia, kipaza sauti mdomoni, polisi wakimsikiliza vizuri kuliko wanavyosikiliza wakubwa wao. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, maana msemaji mwenyewe alikuwa mwembamba hata wenzake walimwita Antene. Walikuwa wameandamana kuuliza kwa nini wakulima wanauawa mashambani na askari wanafika saa ya kuzika. Jua halijashuka, akafungwa pamoja na rafiki yake Manassé.

Hakuwa mtu wa cheo. Kazi yake ilikuwa kushona viti vya moto, zile pikipiki, huko Butembo: ngozi nyekundu, uzi mweupe, na nyuma jina la mtoto wa kwanza wa mwenye moto. Alijisifu kwamba hakuna mwanasiasa wa Kivu anayebeba makalio mengi kama viti vyake bila kulalamika. Beni alikwenda kushonea motards, waendesha moto wa upande wa Ruwenzori, akilala kwa shangazi yake, Tantine Adèle. Kazi ikiisha angerudi Butembo, na wazee wake wafike mtaa wa Rughenda, karibu na uwanja wa ndege, kumuomba Falonne kwa wazazi wake.

Falonne alikuwa msusi. Miezi ile ya kufungwa, mikono yake ilisuka na moyo wake ukakaa Beni. Alikumbuka vitu vidogo visivyo na faida: vile Syauswa alivyokata uzi kwa meno huku mkasi uko mbele yake, vile alivyoimba kanisani sauti ya kwanza na koo lake ni la tatu. Misuko ilianza kubana. Wateja walinung’unika kwamba usiku hawawezi kufunga macho, na yeye akawajibu kwamba hata yeye hawezi.

Halafu siku moja simu ikalia, ya video. Tantine Adèle alikuwa ameishika, na ndani yake kulikuwa na Syauswa, ametoka. Mashavu yamejaa, macho yamebaki mistari miwili, shingo imepotea. Wanawake wote wa saluni walikuja kuinama juu ya simu. Amenenepa kweli, walisema. Alisema na amefanya. Kule Beni vijana walikuwa wamemkokota mpaka kwa muuza maharagwe, wakamsimamisha juu ya mizani yake kama gunia, wakasoma kilo kwa sauti na kupiga makofi: Antene ameishinda serikali.

Falonne naye alicheka. Ila aliona kwamba miguu haionekani, akamuomba aionyeshe.

“Tangu lini unapenda miguu? Ulikuwa unalilia mashavu. Leo mashavu iko mingi, jishibishe.”

Falonne akamwambia atafika kesho yake.

“Hapana kesho. Ukuye siku ya Mungu,” alisema Syauswa. “Niache kwanza nipunguke, usiseme balikubadilishia bwana.”

Sauti ilikuwa yake kabisa, na mtu anayetania hivyo, Falonne alijiambia, hana kitu. Akakubali kungojea Jumapili. Akaosha kitenge chake kizuri, akakianika.

Kule Beni, Tantine Adèle alimpikia Syauswa kama bwana harusi, na chakula kilirudi jikoni chote. Jirani yao Nasiba, mke wa dereva, aliyewahi kufanya kazi ya uuguzi, ndiye aliyeweka kidole gumba juu ya mguu wake na kukandamiza. Alipotoa kidole, shimo lilibaki.

“Tantine, huyu hapana kunenepa,” alisema. “Amevimba.”

Walimkimbiza hospitali kwa moto. Akafa Jumamosi.

Ndipo watu walipokumbuka Manassé, aliyeachiliwa wiki iliyotangulia na kuzikwa kwao kijijini. Naye alirudi na mashavu. Naye walimpongeza. Vijana walisema ni sumu, wengine walisema ni fimbo zilizovunja figo, na wakubwa walisema alitoka kwao kwa miguu yake mwenyewe, donc waulizwe waliompikia. Familia iliomba daktari aufungue mwili. Ikaja amri kwamba azikwe kesho yake kabla ya saa sita ya mchana, na magari ya askari yalikuwa tayari yamesimama mlangoni.

Falonne alifika Jumapili, kama walivyopatana, amevaa kile kitenge, na kaburi lilikuwa limekwisha kufunikwa. Hakuwa mke wa marehemu, kwa hiyo kwenye matanga alikaa upande wa wageni, akapewa chai ya wageni. Alimuuliza Tantine Adèle jambo moja tu: kama Syauswa alisema kitu.

“Aliuliza siku ya Mungu itafika lini. Nikamuambia, kesho.”

Sasa bado anasuka Rughenda. Ndege inaruka na yeye hainui kichwa. Jumapili, ikiwa barabara haijafungwa na vita, anashuka mpaka parking ya magari ya Beni, na madereva wanamsalimia kwa jina. Kaburini hana kazi kubwa. Anang’oa majani, anasimulia nani ameoa nani. Jioni anarudi, na kabla ya Jumatano ameanza tena kuhesabu vichwa vya kusuka mpaka nauli itimie.

Nafasi moja mpaka Beni ni franka elfu kumi na tano.