Bima ya Gari na Mke Ambaye Sikuwa Nimemwoa

Mwanangu, kuna siku moja ya miaka ile ya tisini ambayo haijanitoka kichwani, na si ile niliyotunukiwa diploma. Ni siku niliyokaa mbele ya karani wa bima mjini Kigoma, akaniuliza kwa upole, "Huyu Dafroza ni nani wako?"

Acha nianze mbali kidogo. Mimi sikusomeshwa na mjomba. Nilibeba magunia Dar es Salaam huku nikisoma, nikapata diploma ya ujenzi, nikarudi Kasulu nikiendesha pikapu yangu mwenyewe wakati vijana wa rika langu wanaazimana baiskeli. Kambi za wakimbizi zilikuwa zinafunguliwa huku kwetu na kule Kibondo, kazi zilikuwa nyingi, na majengo yangu yamesimama hadi leo, nenda ukayaone. Gari hilo nililikatia bima kubwa. Wenzangu walikata ile ndogo ya kumridhisha trafiki. Yangu ilikuwa na kifungu kwamba mimi au mke wangu akiumizwa na gari la mtu mwingine, na bima ya gari hilo isitoshe kumtibu, kampuni yangu itaongeza kinachopungua. Nilipenda sana kuwasomea watu kifungu hicho.

Dafroza alikuwa fundi cherehani, mtu wa kijiji cha Kitanga, huku huku Kasulu. Tulikuwa tunaishi pamoja, hata mwaka haujatimia. Majirani walimwita mke wangu, lakini ndoa hatukuwa tumefunga wala mahari sikuwa nimetoa. Baba yake, Mzee Bukuru, alinifuata nyumbani akiwa na wazee wawili.

"Mkwe," akasema, "leta hata jembe moja mbele ya hawa wazee, mchungaji awafungishe. Mengine tutamaliziana polepole."

Nikacheka. "Baba, binti yako aolewe kwa jembe kama enzi za babu? Nataka ng'ombe waingie Kitanga kwa lori, na bendi itoke Kigoma mjini. Nipe muda."

"Kwani nimekuomba bendi, Injinia? Mimi hata kucheza sijui."

Wazee wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Mtoto wangu umemweka barazani," akasema. "Mwingize ndani."

Nilimjibu kwamba mtu wa hadhi yangu haoi kimyakimya. Wakaondoka. Nami nikaendelea kuipanga harusi, na kila nilipoipanga ilizidi kukua.

Mvua zilipoanza, lori la mahindi lililokuwa likienda Kibondo likakosa breki, likawaparamia watu sokoni. Dafroza alikuwa ananunua nyuzi. Mkono wake wa kulia ulisagika. Daktari alisema apelekwe Mwanza haraka akapasuliwe, la sivyo vidole havitakunjika tena. Lori lilikuwa na bima ndogo, na majeruhi walikuwa wengi. Fungu la Dafroza lingeishia kwenye bandeji. Fedha zangu nilikuwa nimeshazitanguliza kwa wauza ng'ombe na kwa bendi, na hazikurudishwa. Lakini sikuogopa. Si nina kifungu changu?

"Ni mke wangu," nilimjibu yule karani wa Kigoma.

"Cheti cha ndoa?"

"Bado."

"Mahari imetolewa?"

"Bado, ila..."

"Basi kaka, kwetu sisi huyu si mke."

Nilirudi mbio. Ndani ya juma moja jembe nikalinunua, mchungaji akaja wodini, Mzee Bukuru na wazee wake wakasimama kando ya kitanda, tukafunga ndoa. Hapakuwa na ng'ombe wala bendi. Nikarudi Kigoma na cheti mkononi. Karani akaangalia tarehe. "Hongera, kaka," akasema, na nadhani aliisema kwa moyo. "Lakini ajali imeitangulia ndoa."

Nilimweleza Dafroza. Akaniuliza, "Kumbe ndoa yetu ilikuwa kazi ya juma moja tu?"

Niliuza pikapu, lakini mnunuzi alichelewa kupatikana, na tulipofika Mwanza mifupa ilikuwa imeshaunga vibaya. Dafroza hakushona tena. Tumezeeka pamoja. Kama amenisamehe, sijathubutu kumuuliza.

Kwa hiyo, mwanangu, ukikata bima, uliza nani anahesabiwa humo, usiishie kuisoma kwa majivuno kama mimi. Na ukimpenda mtu, mwoe mapema kwa uwezo ulio nao, wazee wajue na serikali ijue. Sherehe ni ya wageni, nao watakula waende kwao. Ndoa ni yenu wawili, na siku ya taabu, hiyo ndiyo itakayoulizwa.

Mungu akutangulie barabarani. Akupe mwenzi mwenye afya na wakwe wasiochoka kukusema, na siku ya ndoa yako ije upesi.