Shangazi wa Plastiki na Joho la Mama Pindo

Saa mbili na nusu asubuhi, Mama Pindo anamng'oa Shangazi kichwa.

Anakizungusha mara mbili kulia, anakivuta, kinatoka kwa mlio kama wa kizibo. Anakirudisha. Anakitoa tena. "Kisije kikaniaibisha mbele za watu," anasema, huku akijifuta jasho kwa kipande cha kitambaa cha sare.

Shangazi ni sanamu la plastiki la kuvalishia nguo. Lina wigi, macho ya kuchorwa na mdomo mwekundu uliochubuka. Limesimama katika duka hili la ushonaji kwa miaka kumi na tatu, na mpaka leo vijana wanaoingia kwa haraka huliamkia kwa shikamoo.

Saa tatu kamili, sanamu hilo linapanda kizimbani. Mama Pindo naye anapanda nalo. Mwanamke huyu wa miaka arobaini na tisa, fundi cherehani, anasoma shahada ya uongozi wa biashara katika chuo kikuu cha mtandaoni, na kamati ya nidhamu ya chuo inamtuhumu kuibia katika mtihani wake wa mwisho. Akipatikana na hatia, jina lake linafutwa. Miaka sita ya kusoma itakuwa imekwenda na maji.

"Miaka sita," anasema, akimtazama Shangazi kwa hasira ya kweli kabisa. "Na wewe umesimama tu hapo, hata kunitetea huwezi!"

Jina la Mama Pindo alipewa na wateja, kwa sababu hajawahi kutoa nguo yenye pindo la kulegea. Hushona sare za shule, magauni, na kila mwaka hushona majoho ya mahafali. Wakala mmoja humletea vitambaa na vipimo, kisha huja kuyachukua na kuyapeleka vyuoni. Kwa hesabu ya daftari lake, amekwisha shona majoho elfu mbili na mia tatu. Kuvaa, hajavaa hata moja.

"Nilikuwa nikiyapiga pasi najisemea, huyu atakayevaa hili ana nini nisichonacho mimi?" anasema. "Mume wangu akanijibu, ana cheti cha kidato cha sita. Nikamwambia, hata mimi ninacho, kiko chini ya godoro. Akasema basi kitoe, kinapata joto bure."

Mume wake ni fundi bomba, mtu mpole mwenye sauti nene, ambaye hakuna mahali anapokwenda bila spana. Ndiye aliyemtengenezea kishikio cha bomba la chuma juu ya cherehani ili simu ikae mbele ya macho yake. Hapo ndipo Mama Pindo alipohudhuria vipindi vyote, mguu kwenye pedali, sikio moja kwa mhadhiri na sikio la pili kwa wateja.

Ada yake huihesabu kwa sare. Muhula mmoja ni sare mia moja na ishirini. Kifurushi cha intaneti ni sare mbili kila wiki, na wiki ya mtihani ni tatu. "Nikifeli somo, siumii roho tu," anasema. "Naumia na mgongo."

Masomo ya mtandaoni yalimtoa jasho na kumchekesha kwa kiwango kilekile. Katika mwaka wa pili, mhadhiri wa takwimu alikuwa akieleza maana ya wastani, na Mama Pindo alikuwa amesahau kuzima kipaza sauti. Wanafunzi mia moja na kumi, kila mmoja wao, wakamsikia akimwambia mteja: "Mama, futi haisemi uongo. Mwaka jana kiuno kilikuwa thelathini na nne, leo arobaini. Ule wewe, lawama apewe fundi?"

Mhadhiri akasema huo ni mfano mzuri sana wa takwimu zinazobadilika na muda, na akaomba uandikwe.

Mitihani nayo ilikuwa na vituko vyake. Mtahiniwa hutakiwa awe peke yake chumbani, kamera ya kompyuta ikiwa wazi mwanzo hadi mwisho. Nyumbani kuna kelele, kwa hiyo alifanyia dukani. Mara ya kwanza alibandika karatasi mlangoni: "Nimefunga, nina jambo la kifamilia." Kabla ya swali la nne, wateja saba walikuwa wamekwisha gonga kumpa pole ya msiba.

Muhula uliofuata akaandika: "Wakaguzi wa kodi wako ndani." Hakuna aliyegonga. Kwa kweli, siku ile maduka ya mstari mzima yalifungwa, na kinyozi wa duka la jirani alimwacha mteja amenyolewa nusu ya kichwa. Kinyozi huyo hajamsamehe mpaka leo, ingawa ndiye aliyemwazima kompyuta yake kwa mitihani yote.

Sasa, mtihani wa mwisho. Siku hiyo Mama Pindo alikuwa amekwisha kukata joho lake mwenyewe, la chuo chake mwenyewe, kwa kitambaa kilichobaki kwenye kazi ya wakala. Alikuwa amemvalisha Shangazi, maana wana kimo kimoja na kiuno kimoja. Pindo la chini lilikuwa limeshikwa kwa pini tu.

"Nikalitazama, machozi yakanijia," anasema. "Nikaona hapana, nikiliweka mbele yangu sitaandika kitu. Nikamsukuma Shangazi nyuma ya kiti, nikaligeuzia joho mgongo. Nikasema sikuangalii mpaka nimalize."

Mlango ulikuwa umefungwa na joto lilikuwa kali. Akawasha feni, ile inayogeuka huku na huku.

Siku nne baadaye ikaingia barua pepe. Mume wake ndiye aliyeiona kwanza kwenye simu, akasoma sentensi moja: "Imebainika kwamba ulikuwa na mtu wa pili chumbani kwa saa mbili na dakika arobaini." Hakuendelea. Akaweka spana chini, akakaa.

"Aliniuliza kwa sauti ndogo, sijawahi kuisikia tangu tuoane," Mama Pindo anasimulia, na sasa anacheka mpaka anashika meza. "Akasema, mke wangu, ulijifungia na nani?"

"Ungekuwa wewe ungeuliza nini?" mume anajitetea kutoka mlangoni.

Sentensi zilizofuata zilikuwa mbaya zaidi. Mtu huyo wa pili, barua ilisema, alikuwa mtu mzima, amevaa joho rasmi la chuo, na alikuwa akiinua mkono wa kulia kila baada ya sekunde chache, "kwa namna inayoashiria kumwelekeza mtahiniwa majibu." Kwa kifupi, chuo kiliamini kwamba Mama Pindo amemwingiza mhadhiri dukani.

"Mkono!" Mama Pindo anapiga paja. "Ile ni feni inapeperusha mkono wa joho! Mkono wenyewe wa Shangazi hauna hata vidole, vilikatika mwaka juzi."

Aliandika barua tatu za kueleza. Akajibiwa kwamba maelezo yatapokelewa kwenye kikao. Wiki ile hakula vizuri. Alishona sare kumi na mbili na zote akaziweka mifuko upande mmoja, kosa ambalo hata wanagenzi hawalifanyi.

Saa tatu kamili kompyuta inalia. Nyuso tano zinatokea kwenye kioo. Mwenyekiti wa kamati ni mzee mwenye miwani na sura ya mtu ambaye hajachekeshwa tangu ujana wake. Kinyozi na mume wa fundi wamejibana pembeni, wasionekane.

"Kabla hatujaanza," anasema mwenyekiti, "mtu aliyesimama nyuma yako ajitambulishe."

"Hawezi, mheshimiwa mwenyekiti."

"Kwa nini hawezi?"

"Mdomo ni wa kuchora."

Mwenyekiti anavua miwani, anaivaa tena. Anamwomba athibitishe. Mama Pindo anasimama, anamkumbatia Shangazi shingoni, anazungusha mara mbili kulia, anavuta. Kichwa kinagoma. Anavuta kwa nguvu zaidi. Wigi linamdondokea begani.

"Shika kiuno!" ananong'ona mume wake, kisha anasahau kujificha, anaruka, anamshika Shangazi kiunoni. Wanavutana mmoja huku, mmoja kule. Kwenye kioo, katibu wa kamati ameziba mdomo kwa mikono miwili. Kichwa kinachomoka, kinaanguka, kinabiringika chini ya cherehani. Katibu anapiga yowe.

"Ni plastiki, dada, usiogope!" Mama Pindo anamwambia. "Hata haumii!"

Inachukua dakika mbili kikao kutulia. Mwenyekiti anakohoa. Anakiri kwamba kamati imeridhika, huyo si mtu. Lakini hapohapo anainua kidole. Joho la chuo hiki, anasema, haliuzwi madukani, hutengenezwa kwa mkataba. Yawezekana kuna mtumishi wa chuo aliyelitoa, na kama alitoa joho, huenda alitoa na maswali. Fundi wa mtaani amelipata wapi?

Tabasamu linamfutika Mama Pindo usoni. Anakaa. Anavuta pumzi.

"Mheshimiwa, joho lako liko hapo karibu?"

"Liko nyuma ya mlango. Kwa nini?"

"Naomba ulichukue. Geuza pindo la chini, ndani, upande wa kushoto. Utaona mishono mitatu ya uzi mwekundu."

Mwenyekiti anasita, kisha anaondoka kwenye kioo. Kiti chake kitupu kinabaki kikitazamwa na watu wote. Kinyozi anauma kucha. Mzee anarudi na joho mapajani, anainamisha kichwa, anageuza kitambaa taratibu kwa vidole viwili.

"Mitatu," anasema. "Nimelivaa miaka tisa. Sijawahi kuligeuza pindo lake."

"Ni alama yangu," Mama Pindo anasema. "Naiweka nikimaliza kazi. Majoho yangu yote mmeyavaa ninyi, mheshimiwa. Na mimi nilitaka langu moja."

Mwenyekiti anatamka kwamba tuhuma zimefutwa na karatasi ya mtihani ipelekwe kusahihishwa. Anaongeza, bila hata kutabasamu, kwamba katika mitihani ijayo mtahiniwa awatoe nje ndugu zake wote, wakiwemo wa plastiki.

Matokeo yalitoka baada ya wiki mbili. Mama Pindo alipata alama sitini na nane. Hakupiga kelele. Alizima redio, akavuta kiti, akalivua joho mwilini mwa Shangazi, akachomoa pini moja baada ya nyingine na kulishona pindo. Mwisho akabadilisha uzi, akatia mishono mitatu myekundu. Mume wake anasema alilia mpaka joho likalowa, ikabidi lipigwe pasi upya.

Sasa anapanga kuandikisha duka lake liwe kampuni, ili chuo kiagize majoho kwake moja kwa moja bila wakala. Barua ya maombi ameiandika mwenyewe na kumtumia mzee mwenye miwani.

Mahafali ni mwezi ujao. Ana majoho themanini na sita ya kumaliza kabla ya siku hiyo, na kila mhitimu ameruhusiwa wageni wawili. Nafasi moja ni ya mume, ya pili kampa kinyozi, kwa ajili ya kompyuta na kwa ajili ya kile kichwa cha nusu.

Na Shangazi?

"Atabaki dukani," anasema Mama Pindo, akilipangusa vumbi sanamu hilo begani. "Hilo joho nimemwachia alivae mpaka siku yenyewe. Kesi ilikuwa yetu wote wawili."