Maji ya Kuoshea Mawe

Niliolewa Makote, juu Newala, nikitokea Lulindi, na kosa la kwanza nililofanya ukweni lilikuwa kuoga. Nilioga asubuhi, nikaoga jioni, kama nilivyolelewa. Siku ya tatu mama mkwe akanipa debe na ngata ya kichwani, wala hakunigombeza, akaniambia nimfuate. Tulitoka alfajiri, tukashuka genge kwa kushikilia mizizi, tukachota kwenye visima vya mchanga bondeni upande wa Ruvuma, tukapanda. Tulipofika nyumbani jua lilikuwa la utosi. Jioni ile sikuoga, na hakuna aliyenikataza.

Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya Mwingereza, ingawa yeye mwenyewe alikuwa bado hajaambiwa. Kiangazi kimoja, mimi tayari nina mtoto mgongoni, serikali ikatuletea mzungu wa mawe. Alikuja na gari la mizigo, mahema mawili, nyundo ndogo ambayo hata mtoto angeidharau, na karani wa pwani aliyevaa soksi ndefu mpaka magotini. Akapiga kambi ukingoni, pale njia yetu ya maji inapoanza kuteremka, maana katikati ya mteremko ule palikuwa na jabali la matabaka, limejaa kome na chaza waliogeuka mawe. Tulilijua jabali lile. Ndipo tulipokuwa tukitua madebe na kuvuta pumzi kila siku ya Mungu. Hatukujua kwamba ni kitu cha kumtoa mtu Ulaya.

Jumbe akaitisha baraza, na karani akatufasiria.

"Bwana anasema, hapa mlipokaa palikuwa bahari. Baadaye bahari ikapungua, huku juu pakabaki kisiwa. Maji pande zote."

Watu wakatazamana. Palikuwa na watu pale hawajanawa uso tangu juzi. Mzee mmoja akauliza kwa adabu, "Maji hayo aliyeyaondoa nani?"

Karani akajibu kwamba yaliondoka yenyewe, zamani mno, kabla ya babu wa babu zetu. Hapo jumbe akasimama upesi, akaeleza kwamba bahari hiyo iliondoka kabla yeye hajapewa cheo chake, na kwamba habari zake anazisikia leo kama watu wengine. Mzungu akaliandika jambo hilo kitabuni.

Kisha ikatoka amri. Mawe yakichimbwa hayapakiwi na vumbi lake, lazima yasuguliwe kwa brashi na maji. Kwa hiyo kila siku wanawake wanane watapeleka kambini debe moja moja, kwa zamu, na kila mmoja atapewa kikombe cha chumvi. Chumvi inaleta kiu, lakini hilo hatukulitaja barazani.

Sasa nifike kwenye dhambi yangu. Nilikuwa nimesoma misheni mpaka darasa la nne, na ukweni elimu hiyo ilitosha kunifanya hakimu, mganga na mtabiri. Barua yoyote iliyofika mtaani niliisoma mimi. Basi tulipotoka barazani mama mkwe akaniita jikoni.

"Mwanangu, wewe uliyesoma. Huyu mzungu hasa anataka nini?"

Sikujua. Lakini aliyesoma akisema hajui, amesomea nini? Nikajikohoza kidogo, nikasema, "Anatafuta maji yalikokwenda, Mama. Anawaosha kome wale ili aone maji yalipita wapi. Akishajua, atachimba kisima huku huku juu."

Naapa, lilikuwa jambo la akili sana. Kabla sijamaliza kulisema nilikuwa nimeshaliamini mwenyewe.

Kesho yake Makote nzima ilikuwa na habari. Wanawake ambao wangeikimbia zamu wakaanza kugombania nafasi. Wanaume ambao hawakuwahi kugusa debe tangu wazaliwe wakatoa ushauri kuhusu kamba ya kisima. Watu wakamsaidia mzungu kwa kumpelekea konokono waliowaokota mihogoni, wengine bado wanatembea, naye akawashukuru mmoja mmoja kisha akawamwaga nyuma ya hema. Mimi nikaulizwa kisima kitakuwa na kina gani. Nikajibu. Nikaulizwa kitakuwa wapi. Nikakiweka karibu na msikiti, halafu Wakristo wakanuna, nikakisogeza mpaka njia panda.

Kambini mambo yalikuwa hivi. Chini ya turubai palikuwa na meza na makarai matatu. Jiwe lilitoka karai la kwanza likaenda la pili, likasuguliwa mgongo na tumbo, likaenda la tatu, likafutwa kwa kitambaa cheupe. Jiwe moja kubwa lilioga mara tatu kwa siku moja. Mwenzangu wa zamu, aliyekuwa na mtoto mwenye upele mwili mzima, alisimama akilitazama kwa muda mrefu.

"Laiti ningezaa jiwe," akasema.

Tulicheka mpaka karani akatuuliza tunachekea nini.

Lakini mama mkwe hakuwa akicheka, alikuwa akifanya kazi. Magoti yake yalikuwa yamevimba tangu masika, na nilikuwa nimekwisha kumwomba asishuke tena, maji yake nitaleta mimi. Kabla ya mzungu alikuwa ameanza kukubali. Baada ya maneno yangu ya jikoni akaamka upya. Akashika zamu yake, akashika na zamu za wanawake wagonjwa. Penye mteremko mkali alikaa chini akajiburuta kwa makalio, debe kalikumbatia, na kwenye kupanda alisimama kila baada ya hatua chache akijifanya anatazama mashamba.

"Mama, pumzika," nikamwambia.

"Nitapumzika kisima kikichimbwa. Asije akaondoka kazi haijaisha kwa sababu ya uvivu wetu."

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli pale pale njiani, sisi wawili tu. Nilinyamaza. Kila siku niliyonyamaza ilifanya ya pili yake kuwa ngumu zaidi, na niliona haya, nasema wazi, niliona haya kuliko nilivyomwonea huruma.

Siku ya kuondoka mawe yalifungwa katika magazeti na pamba, yakalazwa ndani ya masanduku, kila moja na kikaratasi chake. Mama mkwe akaja kambini na bakora, amevaa khanga zake za sikukuu. Karani, ambaye soksi zake zote hazikumsahaulisha malezi, akamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Muulize bwana wako, maji tutayapata lini?"

"Maji gani, mama?"

"Ya kisima. Haya aliyokuja kuyatafuta."

Karani akatafsiri. Mzungu akavua kofia, na nitasema haki yake, uso wake ulibadilika. Akazungumza kwa muda.

"Anasema anasikitika sana," karani akasema. "Yeye ni wa mawe. Maji ni idara nyingine."

"Idara hiyo iko wapi?"

"Dar es Salaam."

"Inaijua njia ya huku?"

Hilo karani hakulitafsiri. Mzungu akafungua sanduku, akatoa chaza mmoja wa jiwe, safi, anang'aa, akampa mama mkwe kwa mikono miwili. Mama mkwe akampokea kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku, akamrudisha.

"Mwambie ahsante. Huyu ameshaoga. Kwangu atachafuka."

Kisha akageuka kunitazama. Wanawake wote wa zamu wakageuka kunitazama.

Tukarudi nyumbani. Uani akakaa mkekani, akanyoosha miguu, akaanza kujipaka mafuta magotini. Nikapiga magoti mbele yake na mtoto mgongoni.

"Mama, nilikudanganya. Sikujua anatafuta nini."

Aliendelea kupaka. "Nilipanda mara ngapi kwa ajili ya mawe yale?"

"Sijui, Mama."

"Ala! Kumbe neno hilo unaweza kulisema."

Akamaliza goti la kulia, akaanza la kushoto.

"Kuanzia kesho," akasema, "debe langu ni lako."

Ikawa hivyo. Nilishuka alfajiri kwa debe langu, nikashuka tena mchana kwa debe lake, nikapita penye jabali lililochongwa nusu. Niliendelea nikiwa na mimba ya pili, na ya tatu, na bendera ya Mwingereza iliposhushwa nilikuwa bondeni, nimeinama kisimani. Wageni walishangaa mama mkwe mwema vile anawezaje kumtesa mkwe wake, nami sikuwaeleza. Mzungu hakuhukumiwa na mtu, na idara ile nyingine haijakosea, kwa kuwa haikuja. Mimi nilihukumiwa uani kwa dakika moja, wala sikukata rufaa. Magoti yake hayakupona.