Alama za Fremu Ukutani

"Mama Pacha, huyo bosi wako anayegawa magodoro hospitalini, ipo siku atatoweka na hela za watu," jirani yangu fundi cherehani aliniambia. Nilicheka, ila neno lake sikulisahau.

Mimi hufanya usafi ofisini kwa Meneja. Alianza kazi akiwa tarishi wa benki, akajifunza mambo ya hisa kwenye magazeti aliyotumwa kununua, mwisho akafungua mfuko wa uwekezaji. Wanawake wa sokoni walimpa akiba zao, nami nikampa yangu. Akajenga wodi ya watoto. Humo ndimo mwanangu, yule pacha mdogo, alimotibiwa kifua bure, na kwa hilo namwombea hadi leo.

Lakini mfagiaji huona mengi. Kila wanachama wa mfuko walipolalamika kwamba wanazungushwa kulipwa, wiki hiyohiyo Meneja alipeleka magodoro hospitalini, mpiga picha akitangulia. Leo nimeingia na kitambaa cha vumbi, nikakuta vyeti vyake vyote havipo. Ukutani zimebaki alama nyeupe za fremu. Hata picha ya mkewe haipo mezani.

"Vyeti vimeenda wapi, baba?"

"Vinawekwa vioo vipya, mwanangu."

"Vyote kwa pamoja?"

Akacheka peke yake. Kisha akanivutia kiti, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Kesho wanachama wanakuja kudai hela zao. Nakuomba usimame mbele na yule mtoto wako aliyetibiwa wodini, uwaambie alivyopona. Mimi hawaniamini tena, lakini wewe watakusikiliza."

Nikaangalia zile alama nyeupe ukutani, nikaelewa kwamba kesho nitasimama mbele yao peke yangu.