Farasi Mia Tano na Saba

Shemeji yangu, mume wa dada, anajiita mhandisi. Kabla ya gereji alikuwa anauza redio za magari, na kazi hiyo aliiweza, maana redio ikipiga kelele mteja anaridhika. Alipohamia kwenye injini alihama na akili ile ile. Kwake injini nzuri ni yenye namba kubwa, na namba kubwa ni ile ambayo mteja anaweza kuwatajia wenzake huku ameshika kiuno. Zaidi ya hapo hajui kitu, na hata aibu ya kutojua hana.

Gereji yetu ina mashine ya kupimia nguvu. Gari linapandishwa juu ya rola za chuma, linafungwa mikanda, linakanyagwa mafuta mpaka mwisho, na kompyuta inachora mstari na kutoa hesabu ya nguvu farasi. Aliyesomea mashine hiyo ni mimi. Shemeji naye alikuja kwenye mafunzo, wiki mbili nzima, akafeli mtihani, akasema mtihani wenyewe ulikuwa wa kitoto. Ndiyo maana kila karatasi inayotoka pale naisaini mimi, na yeye anabaki kupiga picha na wateja. Mfukoni ana kalamu nne, sijawahi kuona hata moja ikiandika.

Ofisini ametundika matokeo ukutani, ndani ya fremu, mia nne kwenda juu tu. Mteja wa chini ya mia nne anapewa karatasi yake kwenye bahasha, kimya kimya, kama majibu ya hospitali. Mia tano hatukuwahi kuifikisha, na hilo lilimkosesha raha. Dada aliniambia hata mezani anaiongelea, chakula kinapoa.

Basi akaja daktari wa meno. Mtu mpole, shati limenyooshwa pasi, na gari la michezo la viti viwili lenye supachaja, yaani kile kifaa kinachoisukumia injini hewa kwa nguvu. Akanieleza kwamba injini ile aliiunganisha marehemu kaka yake, bolti moja moja, miaka mitatu, akafariki kabla hajaendesha hata siku moja. Jumamosi daktari alitaka kulikimbiza gari hilo kwenye uwanja wa mashindano, mara moja tu, kwa niaba ya ndugu yake. Alitaka kujua kama ni salama. Injini ikiungua, alisema, hakuna tena mtu wa kuiunganisha vile.

Nikamsikiliza kwa sikio moja. Kila mteja huja na hadithi yake, huyu marehemu babu, yule mchumba aliyemkimbia, na mwisho wa yote wanauliza farasi wangapi. Nikamtia kwenye kapu hilo hilo.

Tukalipima. Raundi ya kwanza, mia nne sitini na moja. Ya pili, dakika chache baadaye, mia nne thelathini na nane. Ya tatu, mia nne kumi na mbili, na mwishoni nikasikia injini inagonga kwa ndani. Mwenye kujua kusoma matokeo haambiwi zaidi. Hewa inayosukumwa na supachaja inashika joto, kwa hiyo lazima ipozwe kwa maji kabla ya kuingia kwenye injini. Injini inayopoteza karibu farasi hamsini ndani ya raundi tatu inameza hewa ya moto. Nikagusa bomba la maji ya kupozea. Maji yametulia tuli, pampu imekufa. Gari la namna hiyo ukilizungusha uwanjani mara kumi, pistoni zinatoboka.

Nikamwambia shemeji. Akatazama namba ya kwanza tu, akaguna. Akasema mteja hakuja kwa ajili ya pampu, na kwamba mia nne sitini na moja iko karibu mno na mia tano, haiwezi kuachwa hivi hivi. Akaagiza gari lipigwe feni saa nzima mpaka lipoe. Kisha akafanya ule ujanja wake, ambao yeye anauita utaalamu.

Mashine ina kipimajoto kinachosoma hewa ya chumbani. Injini hupungukiwa nguvu siku ya joto, kwa hiyo kompyuta huongeza fidia kidogo ili siku zote zilingane. Shemeji akakitoa kile kipimajoto mahali pake, akakining'iniza karibu na bomba la moshi. Mashine ya watu ikaamini chumba kina joto la digrii themanini. Digrii themanini tungekuwa tumeshaiva sote mle ndani. Gari likakanyagwa tena mafuta, kompyuta ikamwaga fidia. Mia tano na saba.

Akapiga makofi. Jamani, mtu mzima, baba wa watoto watatu, anaidanganya mashine yake mwenyewe halafu anafurahi ikimrudishia uongo wake. Na kilichonichefua zaidi ni kwamba aliamini. Dakika kumi hazijapita alikuwa anamweleza daktari, kifua mbele, kwamba nguvu zimepanda baada ya mapumziko, kwa hiyo suala la joto halipo. Alikuwa anampaka mwenzake mafuta kwa mgongo wa chupa, na yeye mwenyewe anajipaka humo humo.

Karatasi ikaletwa mezani kwangu. Nikaisaini. Sijitetei, maana hakuna aliyenilazimisha wala kunitishia kazi. Nilimwona daktari kupitia kioo, shemeji amemshika bega wanapigwa picha, nikasema moyoni huyu naye ni wale wale, mpe namba yake aende zake. Nilimdharau, nikasaini kwa dharau hiyo hiyo.

Daktari akaingia kuaga. Mia tano hakuitaja. Aliikunja karatasi bila hata kuisoma, akaniuliza, "Kwa hiyo dada, Jumamosi naweza kulikimbiza?"

Nikasema mhandisi ameshakueleza. Akanishukuru, tena kwa kuinamisha kichwa, akatoka.

Nilipomsikia anawasha gari nikachukua karatasi ya zile raundi tatu, niliyokuwa nimeisaini mapema, nikamkimbilia hadi getini. Nikamweleza dirishani yote kwa mkupuo, pampu, maji yasiyotembea, kipimajoto kwenye bomba la moshi, pistoni. Shemeji akaja nyuma yangu anahema, akamwambia mteja asinisikilize, eti mimi shemeji yake nina mambo ya nyumbani yananisumbua siku hizi.

"Shemeji," nikamwambia, "kakirudishe kipimajoto mahali pake kwanza."

Daktari akazima injini. Akaweka karatasi zote mbili juu ya usukani, akazisoma taratibu mstari kwa mstari. Kidole chake kikafika chini, kikasimama.

"Zote mbili umesaini wewe?"

"Ndiyo."

"Leo hii hii?"

"Ndiyo."

Ningesema nini, kwamba nilimdhania mjinga?

Akapiga simu, akaagiza gari la kubebea magari. Shemeji akajitolea kubadilisha pampu bure, eti nusu saa tu. Nikadakia kwamba kazi yenyewe ni ndogo, nitaifanya kwa mikono yangu, yeye asiiguse. Daktari alitusikiliza mpaka tukamaliza. Akasema hapana, asanteni. Akasimama kando ya gari la kaka yake, mkono juu ya boneti, akasubiri juani zaidi ya saa moja. Kiti nilichomletea hakukikalia. Shemeji alikuwa upande wake wa kulia, mimi kushoto, na kila alipogeuka alitutazama kwa jicho lile lile.