Shikamoo za mteremko wa Kalinzi

Jumamosi nilikuwa kwa fundi baiskeli pale Mwandiga, nangoja kuzibiwa pancha, binti mmoja akaja mbio na baiskeli yake. Aliponiona tu akashuka, akapiga goti kidogo: "Shikamoo, baba." Kisha akatazama saa yake ya mkononi, akasonya.

Anajiandaa kwa mashindano ya kuogelea ziwani, kuendesha baiskeli na kukimbia. Kinachomchelewesha ni wazee. Kutoka Kalinzi mpaka hapa, kila akikutana na mzee anashuka kumwamkia.

"Si uwaamkie ukiwa juu ya baiskeli?" fundi akamwambia.

"Nilijaribu. Jioni bibi mmoja akampigia mama simu: 'Mwanao nimemkosea nini?'"

Fundi akacheka mpaka akaangusha spana. "Basi badilisha njia."

Binti akagusa ndizi zilizoning'inia kwenye usukani, zawadi ya bibi huyohuyo. "Nibadilishe ya nini? Njia hii nilikuwa naijua kwa milima tu. Sasa naijua kwa watu."

Saa akaivua, akaitia mfukoni.

Siku ya mashindano baiskeli zitapita pale Mwandiga, nami nitakwenda kumshangilia. Ila kwa mvi hizi, itabidi nijifiche nyuma ya kibanda cha fundi, asije akaniona akashuka.